Artemia au minyoo midogo kwa vifaranga wa samaki? Hela inatosha kimoja tu

Nsambya_Tangi: Salaam wakuu. Nina shilingi 120,000, nachagua kati ya kopo la mayai ya artemia (vijiduduvi vya maji ya chumvi) na mbegu, yaani minyoo hai ya kuanzishia, ya minyoo midogo (Panagrellus). Kipi kinakuza vifaranga haraka? Nanunua Ijumaa.

Mama_Gapi: Vifaranga wa samaki gani, kijana? Tangi la lita ngapi? Umeme kwenu ukoje? Kama ni gapi, hela iache mfukoni: wanazaliwa wakubwa, wanakula chakula cha kawaida ukikisaga kiwe unga.

Nsambya_Tangi: Samahani mama. Ni beta, wametaga jana. Danio watafuata.

Fundi_Sponji: Beta ni artemia, hakuna mjadala. Wakishaanguliwa wananing'inia kwenye kiota cha povu cha dume siku mbili tatu wakimalizia kiini cha yai; wakianza kuogelea kwa mlalo, mtoe dume uanze kulisha. Kuangulia artemia: maji lita 1, chumvi gramu 25 (kijiko cha mezani kimoja na nusu), nyuzi 28, taa, hewa ipulizwe toka chini. Saa 24 hadi 36. Zima hewa dakika 10, mulika chini: maganda yanaelea, wadudu wanakusanyika kwenye mwanga. Vuta kwa mrija, chuja kwa kitambaa, suuza, lisha papo hapo. Wakikaa saa nyingi lishe yao inashuka. Maganda yasiingie tangini, vifaranga wakiyameza utumbo unaweza kuziba.

JinjaMaji: Mjadala upo. Umeme ukikatika usiku kucha, chupa yako inageuka supu. Minyoo haitaki umeme: posho (ugali) laini iliyopoa kwenye kopo, hamira chembe chache juu, mbegu kijiko kimoja, kifuniko chenye matundu. Baada ya siku 3 hadi 5 inapanda ukutani mwa kopo kama ukungu mweupe unaotembea. Unaipangusa kwa kidole, unakisuuza tangini. Posho ikianza kunuka uchachu na kulegea, anzisha kopo jingine.

Fundi_Sponji: Na beta wako wakilishwa minyoo wanakosa mapezi ya tumbo.

JinjaMaji: Hilo halijathibitishwa, ssebo (bwana). Minyoo inazama, isipoliwa inaoza pale pale vifaranga wanapolala. Fyonza sakafu kila siku halafu uje tuongee mapezi.

Bugolobi77: Kabla ya Ijumaa soma hapa. Usinunue artemia ya kupimiwa kwenye kifuko. Nilichukua duka moja mjini, kimefungwa kwa stepla tu. Chumvi sawa, joto sawa, hewa sawa, na baada ya saa 48 ni maji ya kahawia na wadudu wa kuhesabika. Mayai yalikuwa yameshikana mabongemabonge, maana yake yalishaingia unyevu. Yai likinyonya unyevu linaamka ndani ya ganda, likikauka tena linaweza kufa. Vifaranga tayari walikuwa wanaogelea, hakuna cha kuwapa. Muuzaji akasema nipe kiini cha yai la kuku. Kile kinaoza haraka, amonia inapanda, na asubuhi sakafu ilikuwa imejaa maiti. Chukua kopo lililofungwa kiwandani, gawa kwenye vichupa vikavu, weka friji.

Mama_Gapi: Umeme ukisumbua kuna njia ya sahani: maji ya chumvi kina cha sentimita 2, mayai kidogo yanayoelea juu, bila pampu. Yanaanguliwa vizuri tu.

Nsambya_Tangi: Chumvi ya Katwe, ile ya ziwani, inafaa? Iko nyumbani.

Bugolobi77: Ile ghafi ina magadi na salfeti, hujui unapima nini. Chukua ya pakiti, iodini haidhuru.

Fundi_Sponji: Magadi kidogo si mbaya! Maji yetu ya Ziwa Victoria ni laini, na artemia inataka pH ya 8 kwenda juu.

Bugolobi77: Basi weka soda ya kuokea nusu kijiko cha chai. Angalau unajua umeweka nini.

Mama_Gapi: Danio je? Mdomo wao siku za kwanza ni mdogo kwa artemia. Wanataka infusoria (vijidudu vidogo sana vya majini): anza mtungi leo, maji ya tangi na jani la letasi lililochemshwa.

JinjaMaji: Au minyoo ya siki. Inaogelea katikati ya maji, haizami.

Nsambya_Tangi: Sasa vyakula vimekuwa vinne?

Fundi_Sponji: Hujajibu tangi ni la lita ngapi. Na lina kifuniko?