Kuacha sukari kunaua mizizi ya saratani kweli?

Bint_Ngamiani:
Wakuu, wakubwa shikamooni. Niko Tanga, Ngamiani. Mama mkubwa alitolewa uvimbe wa titi saivi yuko kwenye dripu za dawa, sasa jirani kaja kamwambia saratani inakula sukari, ukiikata inakufa na mizizi yake, basi mama wa watu chai haina sukari, tende hali, hata wali wa nazi anasukuma sahani. Kakonda jamani. Mdogo wangu anasoma baiolojia anasema kuna seli shina za saratani, yaani zile chache zinazoweza kuuanzisha uvimbe upya, zinajibadilishia chakula zenyewe, hapo ndo nikavurugwa kabisa.

Fundi_Maabara:
Pole dada. Jirani hajaota, Otto Warburg, Mjerumani, aliona miaka ya 1920 kwamba uvimbe unabugia glukosi, ndo sukari ya kwenye damu, na kuitema kama asidi ya laktiki hata oksijeni ikiwepo. Kihesabu ni hasara, glukosi moja kwa njia hiyo inatoa ATP 2 (ATP ndo nishati ya seli), ikipita mitokondria, viwanda vya nishati ndani ya seli, ni kama 30. Ila kisa si kikombe cha chai, kisa ni ishara. Kwenye seli yenye afya homoni ikigonga, mnyororo wa ishara unaoitwa PI3K na AKT unaamka, milango ya glukosi inaongezeka, kazi ikiisha protini ya PTEN inazima. PTEN ikiharibika ni kama kengele ya mlango imenasa, inalia usiku kucha na nje hakuna mtu.

Halafu mama akikata sukari, ini linatengeneza glukosi lenyewe, na malighafi inatoka kwenye misuli yake. Ndo huko kukonda.

Mpwa_wa_Sahare:
Mdogo wako yuko sahihi. 1994 kundi la John Dick kule Kanada lilionyesha kwa panya kwamba lukemia, saratani ya damu, inaanzishwa upya na seli chache tu, 2003 zikaonekana za titi pia. Hizo zichukulie kama mama wa chapati, gesi ikiisha anahamia mkaa, mkaa ukilowa anawasha vifuu, chapati zinatoka vilevile. Katikati ya uvimbe oksijeni ikipungua protini ya HIF-1 inazisukuma kwenye glukosi, pengine zinageukia mitokondria zinachoma mafuta, na nyingine zinalala tu, dawa inayowinda seli zinazogawanyika inazipita, waja leo waondoka leo, zenyewe zipo. Kwa hiyo unamnyima tende mgonjwa huku adui ana majiko matatu!!

Kwenye aina ya lukemia inayoitwa AML walau wamepata pa kubana, dawa ya venetoclax ikichanganywa na nyingine ya azacitidine inazima moto wa mitokondria kwenye seli shina zake, maana zile kuhama jiko haziwezi sana.

Bwagamoyo77:
Mie huku Bagamoyo nasikia metformin, dawa ya kisukari, ndo kiboko yake?

Fundi_Maabara:
Maabara inapendeza sheikh, inabana mitokondria. Kwa watu, jaribio kubwa la saratani ya matiti kwa wasio na kisukari lilitoa majibu 2022, haikuongeza kitu. Bint, mwambieni daktari hizo kilo zinazoshuka, zikizidi hata dozi inaweza kuahirishwa.

Bint_Ngamiani:
Nimemsomea yote, kwenye mama wa chapati kacheka mpaka kakohoa. Jioni nimemkuta na bakuli la uji wa mchele na kokwa tatu za tende pembeni. Jirani hajaambiwa bado.