Nyanya za ndoo: mnachuna zikianza kugeuka ama mnangoja ziive mtini?

ndoo_saba_umoja
Wasee habari zenu. Niko na ndoo saba za nyanya juu ya paa la ploti hapa Umoja, nne ni aina ya Cal J na tatu Money Maker, nilipandikiza mwisho wa Februari na saa hii mwezi wa tano zimebeba vizuri. Shida ni mvua. Wiki jana niliacha kama kumi ziive kabisa huko juu ndio watoto waonje nyanya ya ukweli, usiku ikanyesha ile ya kufunga barabara, asubuhi kupanda juu nakuta sita zimepasuka kutoka kwa kikonyo na mbili ndege wameshadonoa. Iliniuma sana. Sasa kati ya hizi tatu mnafanya gani: kuchuna ikianza tu kugeuka pale kitakoni, kuchuna ikiwa nusu, ama kungoja iwe nyekundu yote? Siuzi, nataka ladha.

mama_kachumbari
Pole. Mimi nangoja mpaka mwisho, lakini balkoni yangu imefunikwa na mvua haifiki. Nyanya iliyoivia mtini ukiipasua na kisu harufu inajaa jikoni, kachumbari haihitaji hata limau nyingi. Ikibonyea kidogo kwa vidole na ikakatika bila kuvutana hapo kwa kifundo cha kikonyo, imefika.

kitengela_shambani
Mama amesema kweli ila yeye ana paa. Wewe uko wazi, chuna nusu. Nyanya ikishaanza kugeuka rangi inaendelea kuiva yenyewe hata ikiwa mezani, kuna hewa inatoa inaitwa ethilini ndio inaisukuma. Kupasuka ni kwa sababu ganda la nyanya inayoiva halitanuki tena, halafu mizizi inakunywa maji mengi ghafla baada ya kukauka. Kwa hivyo usiruhusu ndoo ikauke kabisa halafu uijaze, mwagilia kidogo kila siku, utaona tofauti hata kabla ya hii stori ya kuchuna.

shosho_ruai
Mjukuu wangu, nimelima nyanya za kuuza miaka mingi. Zile za sokoni zinachunwa ngumu ndio zivumilie safari kwa kreti, si kwamba mkulima hajui utamu. Ile kijani kabisa usiguse isipokuwa umelazimika, na ukilazimika kata moja kwanza. Kisu kikipasua mbegu, hizo bado changa, zitakuwa nyekundu lakini mdomoni ni maji tu. Mbegu zikiteleza kando kwa ile uteute bila kukatwa, zingine za umri huo zitaiva vizuri. Na kama ulipiga dawa soma pakiti inasema ungoje siku ngapi, hapo hakuna cha rangi, hata iwe nyekundu namna gani ungoje.

ndoo_saba_umoja
Asante sana shosho. Dawa sijapiga. Nikichuna nusu niziweke wapi, dirishani kwa jua ama kwa friji?

kitengela_shambani
Kote hapana bro. Nyanya haihitaji jua kuiva, inahitaji joto la kadiri, digrii 18 hadi 24 hivi, jua la dirishani linapika upande mmoja na ikipita 30 wekundu haushiki vizuri. Friji nayo inaua harufu, na ikiwa haijaiva baridi inaiharibu, inabaki na mabaka na inaoza haraka. Panga ndani ya mfuko wa karatasi, kikonyo kiangalie chini, zisilaliane. Una haraka weka ndizi mbivu moja ndani.

balkoni_southb
Naongeza tu kwamba Julai mambo yanabadilika. Usiku wa Nairobi unashuka mpaka digrii 12 hivi, mwaka jana zangu zilikaa kijani karibu mwezi mzima nikidhani mmea ni mgonjwa. Wakati wa baridi mimi nachuna ikigeuka tu, nyumbani kuna joto kuliko nje.

ndoo_saba_umoja
Nimerudi baada ya siku nane. Nilichuna nne zikianza kugeuka, saba zikiwa nusu, na tatu za Money Maker nikaziacha mtini nikafunika na plastiki juu, pande wazi ndio hewa ipite. Jana tumekula zote na chumvi tu. Za kugeuka zilikuwa sawa lakini uchachu ulizidi, hizo zimeenda kwa mchuzi. Za mtini harufu yake ndio ilikuwa ya kwanza, mama_kachumbari hapo sibishani, ila moja ilipasuka hata na plastiki. Za nusu watoto hawakuzitofautisha na za mtini na hakuna hata moja niliyopoteza, kwa hivyo mvua ikiwa bado iko nitachuna nusu. Swali limebaki la ndege, nimefunga neti ya mbu ya zamani kwa mbili naona wanazunguka tu. Kuna mwenye ameitumia mpaka mwisho wa msimu?

shosho_ruai
Mimi. Iinue na vijiti isiguse tunda, wanadonoa hata kupitia neti.