Kikundi cha familia: “Et la lumière fut”

Neema, 19:06
Habari za jioni wote. Kesho tunarudisha zoezi la Kifaransa: hadithi fupi ya passé composé (wakati uliopita wa mazungumzo, kama “il a parlé”), tuigeuze iwe passé simple (wakati uliopita wa hadithi za vitabuni). Nimefanya ila sina imani nayo. Naomba mtu aniangalizie kabla sijanakili kwenye daftari.

Neema, 19:07
« Il fit nuit. Le chasseur prenda son fusil et il voya une antilope. Il disa : “J'eus de la chance.” Ses frères venirent. Ils mangairent et ils parlairent jusqu'à l'aube. La pluie commenca et nous finimes la viande. »

Yaya Espoir, 19:09
Hao “prenda”, “voya” na “disa” umewazaa mwenyewe 😂

Shangazi Furaha, 19:11
Mwache. Kosa lina sababu: amechukua mwisho wa vitenzi vya -er akaupachika kila mahali. Neema, hadithi nyingi zinasimuliwa kwa “yeye” na “wao”, kwa hiyo anza na jozi nne tu:
a / èrent
it / irent
ut / urent
int / inrent
Vitenzi vya -er vyote vinakaa jozi ya kwanza, hata aller ambayo kwingine ni mkorofi: alla, allèrent. Jozi ya mwisho ni ya venir, tenir na watoto wao (devenir, revenir, obtenir), basi.

Neema, 19:12
Kwa hiyo parlairent ni parlèrent?

Shangazi Furaha, 19:13
Ndiyo. Hiyo “ai” yako umeiazima kwa “je parlai”. Kwa wao ni è, kistari kikiteremka kutoka kushoto. Na ukisoma kwa sauti darasani, “ent” haitamkwi, sauti inakomea kwenye r.

Mjomba Baraka, 19:15
Na manger uiangalie. Mbele ya a lazima ubakize e, la sivyo g itasomeka kama ya “gari”: il mangea. Lakini èrent yenyewe imeshaanza na e, kwa hiyo mangèrent, usiweke nyingine. Commencer ni vilevile: commença ina mkia chini ya c, commencèrent haina.

Neema, 19:16
Sawa. Na prendre na voir nitajuaje ziko jozi gani?

Yaya Espoir, 19:20
Angalia participe passé, ile unayoiandika baada ya avoir. Pris inakupa prit. Mis, mit. Fini, finit. Dit, dit. Ikiishia na u, mara nyingi ni ut: lu → lut, bu → but, su → sut, reçu → reçut, vécu → vécut, couru → courut, voulu → voulut.
Lakini hapo kwenye u ndipo watu wanapoanguka. Vu ya voir haitoi “vut”, inatoa vit. Vya -dre kama vendre, perdre, descendre, vina participe ya u na bado vinaenda it: vendit, perdit, descendit. Battre, battit. Rompre, rompit. Na venu, tenu unajua tayari: vint, tint.

Yaya Espoir, 19:22
Halafu kuna vile ambavyo participe peke yake haitoshi, unavikariri tu: être → fut, faire → fit, naître → naquit, mourir → mourut, écrire → écrivit, conduire → conduisit, craindre → craignit, ouvrir → ouvrit. Avoir inafuata kanuni, eu → eut, ila eut inasomwa kama u ya Kifaransa peke yake, ile ya “tu”. Usiseme “e-ut”.

Neema, 19:24
Sont venus niliihofia sana, nikataka kuandika “furent venus”.

Shangazi Furaha, 19:26
Hapana, huo ni wakati mwingine, passé antérieur, unaukuta baada ya quand, lorsque au dès que: “dès qu'ils furent venus”. Passé simple ni neno moja, haina avoir wala être mbele yake. Faida yake ni kwamba ukubaliano wa participe unakufa kabisa. “Elles sont venues” inakuwa “elles vinrent”, hakuna e wala s ya kuhangaikia.

Neema, 19:27
Na “il faisait nuit”? Mwalimu aliandika faisait, mimi nikaweka fit.

Mjomba Baraka, 19:33
Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote uliyofanya. Faisait si passé composé, ni imparfait, wakati uliopita wa hali iliyokuwa ikiendelea. Usiiguse.
Chukua Biblia ya Kifaransa ya Louis Segond hapo nyumbani, fungua Mwanzo 1, na ile ya Kiswahili uiweke kando. Mstari wa 3: « Dieu dit : Que la lumière soit ! Et la lumière fut. » Kiswahili: “Mungu akasema, Iwe nuru, ikawa nuru.” Umeona? Akasema, ikawa. Ile -ka- yetu ndiyo inayofanya kazi ya passé simple: tukio limetokea, limekwisha, hadithi imesogea hatua.
Sasa mstari wa 2: « La terre était informe et vide. » Nchi ilikuwa ukiwa. Hapo hakuna kilichosogea, tunaonyeshwa hali tu. Ndiyo imparfait.

Yaya Espoir, 19:36
Mjomba, mstari huohuo wa 2 unakupinga. Kiswahili kinasema “Roho ya Mungu ikatulia juu ya uso wa maji”, ina -ka-, ila Segond ameandika “se mouvait”.

Mjomba Baraka, 19:40
Kweli, na vizuri umeleta. Mfasiri wa Kiswahili ameliona kama tukio, Segond ameliona kama jambo lililokuwa likiendelea tayari. Kwa hiyo -ka- inakuelekeza, haikuamulii. Swali la kujiuliza ni hili: kitendo kinasukuma hadithi mbele, au kilikuwepo kabla hatujafika? Tena -ka- kwa kawaida haifungui hadithi. Mstari wa 1 Kiswahili kinaanza na -li-, “Mungu aliziumba mbingu na nchi”, ndipo -ka- zifuate. Kifaransa hakijali, kinaanza moja kwa moja: « Dieu créa ».

Neema, 19:42
Mstari wa 5 una “il y eut un soir”, wa 3 “la lumière fut”. Kwetu yote ni ikawa tu!

Mjomba Baraka, 19:43
Ndiyo. Avoir na être, usizichanganye.

Neema, 19:44
Na “Dieu dit”, nitajuaje si wakati uliopo?

Shangazi Furaha, 19:46
Umbo ni lilelile, kama finit. Weka wingi ujue: ils disent ni sasa, ils dirent ni passé simple. Kwa “je” kuna mtego mwingine, je parlai na je parlais, masikio hayakusaidii. Geuza iwe “il”. Ukipata parla, andika ai. Ukipata parlait, andika ais.

Yaya Espoir, 19:48
Maneno yaliyo ndani ya alama za usemi uyarudishe yalivyokuwa. Mwindaji anaongea, na Mfaransa akiongea hatumii passé simple. “J'ai eu de la chance”, acha hivyo. Hata kwenye ujumbe, ukimwandikia mtu “hier je mangeai du riz” atadhani unamtania.

Neema, 19:50
Na kofia (^) ya finîmes? Si walizifuta kwenye marekebisho ya tahajia ya Kifaransa ya mwaka 1990?

Yaya Espoir, 19:53
Walifuta nyingi juu ya i na u, lakini za passé simple walizibakiza. Nous na vous tu ndio wanavaa kofia: parlâmes, finîtes, fûmes, vînmes. Ukiiona kwa “il”, kama “qu'il fût”, huo ni subjonctif imparfait, si passé simple. Watu wazima wanaandika “il fût” kwenye hadithi wakidhani wanapendezesha. Ukiwa na shaka weka wingi: ikitoka furent, hakuna kofia, ikitoka fussent, iweke. Kwenye simu shikilia herufi i mpaka zenye alama zitokee.

Neema, 20:04
« Il faisait nuit. Le chasseur prit son fusil et il vit une antilope. Il dit : “J'ai eu de la chance.” Ses frères virent. Ils mangèrent et ils parlèrent jusqu'à l'aube. La pluie commença et nous finîmes la viande. »

Yaya Espoir, 20:05
Ndugu zake waliona nini?

Neema, 20:06
Waliona? Walikuja!

Shangazi Furaha, 20:07
Virent ni ya voir. Umeacha n.

Neema, 20:07
Vinrent 🙈 Nanakili sasa.