Tafakari ya kufunga muhula: watoto wote wanaandika kitu kilekile

mwl_wa_dini
Walimu na makatekista, naomba msaada. Shule ya msingi ya Kikatoliki, darasa la kwanza hadi la sita, watoto 240, mkondo mmoja. Misa ya kufunga muhula ni Ijumaa saa tatu asubuhi. Kabla yake kila mtoto anatakiwa aandike tafakari ya muhula, na wazo lililopo ni kwamba chache zisomwe kanisani. Tatizo ni kwamba kila karatasi inasema "nimejifunza kusali, kutii walimu na kuongeza bidii". Ukisoma kumi umesoma zote. Nifanyeje zitoke tafakari za kweli, na shughuli za wiki nzipange vipi zisiimeze Misa?

chaki_mkononi
Mtoto hana kosa hapo. Ukimpa karatasi tupu na swali "umejifunza nini muhula huu?", atakupa jibu analojua litakupendeza. Usimuulize kuhusu muhula, mpe kitu cha kutazama.

Kwa darasa la tatu hadi la sita, kila mtoto afungue daftari lake la hesabu au la insha, ukurasa mmoja wa wiki za mwanzo na mmoja wa wiki hii. Atafute jambo moja lililomshinda wakati ule na sasa analiweza, alizungushie duara, kisha aeleze alikuwa anakosea wapi. Mfano: wiki ya pili kwenye 402 − 178 alipata 376. Ukitazama utaona kila safu alichukua tarakimu kubwa akatoa ndogo, bila kujali ipi iko juu. Sasa anapata 224. Akiandika "nilikuwa nageuza namba ili nisikope", amejitafakari kuliko aliyejaza ukurasa mzima wa bidii na utii.

Kisha ndipo uje upande wa imani. Mtakatifu Inyasi wa Loyola ana hatua tano za kujichunguza: kushukuru, kuomba mwanga, kuipitia siku, kuomba msamaha, kuazimia. Kwa mtoto wa miaka kumi badala ya siku weka muhula, na kila hatua ifungwe kwa swali lenye mtu ndani yake. Usiulize "unamshukuru Mungu kwa nini?" Uliza "nani alikusaidia muhula huu bila kuombwa, na alifanya nini?" Kwenye kuazimia, kataa "nitakuwa mtoto mwema". Dai jambo linaloonekana kwa macho: "nitamrudishia penseli kabla hajaidai".

Muda na umbo:
- La kwanza na la pili: wachore, dakika 15, kisha kila mmoja akuambie sentensi moja nawe uiandike chini ya mchoro kwa maneno yake, bila kuyanyoosha. Watoto 40 kwa mwalimu mmoja hawaishi kipindi kimoja, kwa hiyo gawa siku mbili au mwombe mwalimu wa pili.
- La tatu na la nne: sentensi tatu, dakika 25.
- La tano na la sita: nusu ukurasa, dakika 35, na dakika 5 za mwanzo ziwe kimya kabisa, kalamu zikiwa mezani.

Jambo moja watu hulisahau: fanyeni Jumanne, kabla ripoti hazijatolewa. Mtoto akishaona nafasi yake darasani, tafakari yote inageuka "nimekuwa wa 23, muhula ujao nitakuwa wa kwanza". Hapo hutapata kingine.

sakristia_saa_mbili
Upande wa Misa, anza na kalenda ya liturujia, nyimbo zije baadaye. Muhula ukiisha ndani ya Majilio, yaani majuma ya kujiandaa kwa Noeli, rangi ni zambarau, wimbo wa Utukufu hauimbwi, lakini Aleluya inabaki. Ndani ya Kwaresima, Utukufu na Aleluya vyote havipo, na ala zinapigwa kusindikiza uimbaji tu. Kosa la kila mara ni kwaya ya watoto kuandaa nyimbo za Noeli kwa Misa iliyo katikati ya Majilio kwa sababu shule inafungwa. Nyimbo hizo zipelekeni kwenye hafla ya baada ya Misa, uwanjani.

Masomo: siku ya kawaida ya wiki ina somo moja, zaburi na Injili, kwa hiyo unahitaji msomaji mmoja wa somo na mmoja wa zaburi, si watoto sita. Mwongozo wa Kanisa kuhusu Misa zenye watoto, wa mwaka 1973, unaruhusu kubadili somo lisilowafaa watoto, ila Injili haiachwi kamwe. Zungumza na paroko wiki moja kabla, si sakristia dakika kumi kabla ya kengele.

Mazoezi ya wasomaji yafanyike kanisani, kwenye mimbari yenyewe, kipaza sauti kikiwa kimewashwa. Mdomo uwe sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye kipaza sauti, nacho kishushwe kabla mtoto hajapanda. Mtoto anayenyoosha shingo husoma kwa sauti ya kukaba. Mfundishe pia asisome maandishi mekundu ya kitabu cha masomo, ambayo ni maelekezo tu; wengi hupanda na kutangaza "Somo la kwanza" kama sehemu ya Maandiko. Na baada ya mstari wa mwisho anyamaze, ahesabu mbili moyoni, ndipo aseme "Neno la Bwana". Bila pengo hilo waamini wanajibu "Tumshukuru Mungu" huku nusu yao hawajajua kama somo limekwisha.

Kuhusu kusoma tafakari kanisani, mimi naona zisisomwe. Mahali pake halisi ni sala ya waamini, yale maombi yanayosomwa kabla ya matoleo. Chukua tafakari, tafuta mambo yaliyojirudia, tengeneza nia nne, yaani maombi manne, kwa mpangilio wake: Kanisa, viongozi na ulimwengu, wenye shida, kisha jumuiya yetu hii. Kila nia sentensi moja, isizidi maneno 20. Kwa mfano, watoto kadhaa wakiandika kuhusu mwenzao aliyekosa shule kwa ugonjwa, nia ya tatu imeshapatikana: "Kwa ajili ya watoto wagonjwa na wanaowauguza, ili wasikose faraja wala dawa, ee Bwana twakuomba." Yametoka kwa watoto, na hakuna aliyeanikwa.

Matoleo: mkate na divai, pamoja na vitu vya wahitaji kama vimekusanywa. Mpira, daftari, kombe na ramani vinavyopelekwa kwa maandamano kisha vikarudi ofisini saa tano si matoleo, maana kinachotolewa hakirudi. Mkitaka alama za muhula zionekane, wekeni meza karibu na mlango wa kanisa kabla ya Misa.

Hesabu watoto wanaopokea Komunyo na umpelekee mtunza sakristia idadi Alhamisi. Na kama kuna Kitubio, yaani kuungama kwa padri, piga hesabu kwa ukweli: watoto 80, dakika 2 kila mmoja, padri mmoja, ni dakika 160. Haiingii Ijumaa asubuhi. Iwe Jumatano, darasa baada ya darasa, wasiofikiwa wakiwa vipindini, si kwenye mstari mrefu kanisani ambako watasukumana.

kengele_ya_mapumziko
Shughuli zote ziwe Alhamisi, na Ijumaa ibaki Misa, tuzo na kwenda nyumbani. Madarasa 6 yakizunguka vituo 6 kwa dakika 20, na 5 za kuhama, ni dakika 150. Watoto wadogo hawafiki mwisho. Unganisha la sita na la kwanza, la tano na la pili, la nne na la tatu: makundi 3, vituo 3, dakika 75, na wakubwa wanawashika mkono wadogo. Usiweke kituo cha rangi za maji kabla ya kituo cha maonyesho ya kazi. Vidole vitabaki kwenye kila mchoro ukutani.

Vitabu vya maktaba virudishwe Jumatatu. Ukisubiri Alhamisi utakuwa unatafuta vitabu huku kwaya inafanya mazoezi.

Kama shule ina Utoto Mtakatifu, shirika la kimisionari la watoto Wakatoliki, toleo lao la muhula lihesabiwe Alhamisi mbele ya watoto wenyewe na kiasi kiandikwe ubaoni. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Ufaransa ili watoto wasaidie watoto, na mtoto anayetoa anastahili kujua jumla yake na inakokwenda.

mwl_wa_dini
Nashukuru sana. Maswali matatu yamebaki. Kuna pendekezo la watoto kuandika makosa yao kwenye vikaratasi na kuvichoma ndani ya ndoo ya mchanga kabla ya Misa. Pili, mtoto akiandika jambo zito la nyumbani? Tatu, watoto kama 30 si Wakatoliki, wengine Waislamu.

chaki_mkononi
Vikaratasi vya makosa ningeviacha. Wadogo huchungulia karatasi za wenzao, na mwezi mzima utasikia nani aliandika nini. Halafu mtoto anayejiandaa kwa Kitubio cha kwanza anabaki akidhani moto umeshafanya kazi ya padri. Jambo la dhamiri haliandikwi kwenye karatasi inayokusanywa na mwalimu. Hatua ya kuomba msamaha ifanyike kimya, macho yamefumbwa, dakika moja, na hapo karatasi iwe imepinduliwa.

La pili: kabla hawajaanza kuandika, waambie wazi nani atasoma. "Nitasoma mimi peke yangu" ni sawa. "Hakuna atakayejua" si sawa, kwa sababu huwezi kuitimiza. Ukikuta mtoto ameandika kwamba anapigwa, anashikwashikwa au analala njaa, karatasi hiyo haibandikwi ukutani wala hairudishwi na zile nyingine. Usimhoji mbele ya wenzake, wala usimwite mzazi kwanza. Ipeleke siku hiyohiyo kwa mwalimu mkuu au anayesimamia ulinzi wa watoto shuleni, maneno ya mtoto yakiwa kama alivyoyaandika. Ndiyo sababu nyingine ya kufanya Jumanne: zikisomwa Ijumaa mchana, mtoto huyo ameshaenda likizo, kwenye nyumba ileile.

kengele_ya_mapumziko
Nakubali kuhusu moto. Na moshi wa vikaratasi 240 unaingia kwenye sare zilizofuliwa kwa ajili ya Misa.

sakristia_saa_mbili
Wasio Wakatoliki: tafakari ya daftari na ya shukrani wanaiandika kama wengine, haina shida yoyote. Kwenye Misa wasipangiwe somo wala wasilazimishwe kujibu sala. Wape kazi halisi: kupokea wazazi mlangoni, kupanga viti, kubeba vikapu vya chakula hadi mahali pa kukusanyia. Wakati wa Komunyo wabaki wamekaa, au kama paroko ana desturi ya kubariki, wapite na mikono imekunjwa kifuani. Ila hilo lielezwe darasani Alhamisi, na wakae mwisho wa benchi upande wa ukuta, si katikati. Mtoto wa katikati husukumwa na mstari mpaka mbele ya padri, na padri asiyemjua anampa hostia.