Distributa ya Datsun 1200 (A12), ni gani itaingia? Niko Nakuru

PikapuYaMzee:
Wadau habari zenu. Niko na pikapu ya Datsun 1200, ya marehemu baba, injini bado ni ileile A12 ya 1171cc na siitoi, hata wanaoniambia niweke ya Toyota nawaambia hapana. Shida ni distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi. Shafti imelegea, ukishika rota (kile kidole kinachozunguka juu yake) inacheza huku na huku, mwanya wa pointi, ile swichi ndogo inayokata umeme wa koili, nauseti 0.5mm vizuri, nikifika Njoro imeshahama na gari inaanza kumiss. Duka moja hapa taon wameniletea ya Sunny, wanasema Nissan ni Nissan itaingia tu, lakini chini haifanani na yangu hata kidogo. Nisaidieni tafadhali.

fundi_kondele:
Hiyo warudishie, ndugu yangu. Sunny si moja. Kama ni ya modeli ya B11 hiyo ni injini ya E, kamshafti (shafti inayofungua valvu) iko juu kwa kichwa na distributa inakaa hukohuko juu. Yako kamshafti iko ndani ya bloku. Tafuta ya familia ya A, yaani A10, A12, A14 au A15, uliza Sunny B310 ama Vanette ya zamani ya petroli yenye A15. Zote zinazunguka kinyume cha saa na mpangilio wa moto kwa silinda ni 1-3-4-2 kama yako. Ukibahatika upate ile ya B310 ya elektroniki, ina moduli, kisanduku kama kiberiti ubavuni kinachofanya kazi ya pointi, mambo ya pointi na kondensa utayasahau.

PikapuYaMzee:
Asante sana fundi. Na waya zake?

fundi_kondele:
Mbili tu. B inaenda kwa moto wa swichi, C kwa negativu ya koili. Ile rizista nyeupe kando ya koili iruke, moduli inataka volti 12 kamili. Na koili chukua ya gari hilohilo lililotoa distributa, usichanganye.

Mama_wa_Kakamega:
Mimi naona mnakimbilia kununua. Hiyo yako peleka kwa fundi wa kukereza vyuma, akutolee bushi iliyolika akuwekee ya shaba, hapo Nakuru jua kali wanafanya. Pointi ikikufia barabarani usiku unaisugua na msasa unafika nyumbani, lakini moduli ikiungua unalala hapo. Yangu ni ya pointi na inabeba mahindi kila msimu.

fundi_kondele:
Mama ana hoja, kama nyumba ya bushi haijapasuka. Bado ya elektroniki naipenda, ila hiyo ya zamani ikishatengenezwa tembea nayo nyuma ya kiti.

PikapuYaMzee:
Basi natengeneza hii kwanza halafu natafuta ya B310 polepole, Jumapili nitakuwa Kisumu nipitie soko la Kibuye.

fundi_kondele:
Beba yako mkononi. Linganisha ule ulimi wa chini, haujakaa katikati ya shafti, umeegemea upande. Tingisha rota yake pia, ikicheza usilipe. Na kabla hujaing'oa kwa gari weka pistoni ya silinda namba 1 juu kabisa, piga alama rota inapoelekea.