Tafsiri ya "Malipo ya Kukamilisha" kwenye mkataba wa kununua kampuni

Mnunuzi_Ilala
Wakuu, rasimu ya kununua hisa zote za kampuni ya kusambaza vinywaji inasema: "Malipo ya Kukamilisha ni Bei ya Ununuzi kutoa Madeni." Chini yake: "Bei ya Ununuzi ni Malipo ya Kukamilisha pamoja na marekebisho." Bei tuliyopatana ni bilioni 4, kishika uchumba (malipo ya awali) milioni 200 kishatolewa. Siku ya makabidhiano natoa shilingi ngapi?

Wakili_Kivukoni
Kwa maneno hayo hakuna anayeweza kukujibu: kila tafsiri inamtegemea mwenzake. Anza na Bei ya Msingi kama tarakimu, halafu shuka. Mfano, kwa milioni:

Bei ya Msingi 4,000
+ fedha zilizoko benki (makadirio) 250
− mkopo wa benki na riba yake 600
− pengo la mtaji wa mzunguko, yaani stoku na wadaiwa kutoa wadai (lengo 500, makadirio 460) 40
= 3,610
− kishika uchumba 200
− amana inayoshikwa kwa muda na mtu wa kati 400
= 3,010 kwa muuzaji

Hiyo 3,010 ndiyo Malipo ya Kukamilisha. Lakini wewe siku hiyo unahitaji 4,010, kwa sababu 400 zinakwenda kwenye amana na 600 zinakwenda moja kwa moja kwa benki iliyokopesha, ili iachie dhamana. Omba barua ya benki yenye salio kamili hadi siku hiyo, na riba ya kila siku inayoongezeka mkichelewa.

Andika neno "makadirio". Muuzaji alete hesabu siku 5 za kazi kabla. Hesabu halisi ifungwe ndani ya siku 60 au 90, tofauti ilipwe na upande unaodaiwa.

Mhasibu_wa_Mizania
Balaa kubwa liko kwenye kuhesabu mara mbili. Kodi ya kampuni ambayo haijalipwa ikiingia kwenye "Madeni" na pia ikabaki upande wa wadai kwenye mtaji wa mzunguko, muuzaji anakatwa mara mbili. Kwa biashara ya vinywaji tazameni amana za kreti na chupa tupu: ni pesa za wateja, zinarudishwa. Ni deni, au ni sehemu ya mzunguko? Chagueni moja, muambatishe jedwali lenye namba za akaunti za leja. "Kwa kufuata kanuni za uhasibu" peke yake haitoshi. Stoku iliyokwisha muda kila mtu ataithamini kivyake.

Mnunuzi_Ilala
Asanteni. Na kodi ya muuzaji?

Wakili_Kivukoni
Hapo ndipo wengi hukwama. Kodi ya faida ya mauzo ni ya muuzaji, ushuru wa stempu kwa kawaida ni wako, na BRELA (wasajili wa kampuni) hawabadilishi umiliki kabla mambo ya TRA (mamlaka ya kodi) hayajakaa sawa. Muuzaji akisema hana pesa ya kodi mpaka alipwe, mkataba uruhusu uilipe TRA kwa niaba yake, na utamke wazi kwamba kiasi hicho kinahesabika amekwishakipokea. Bila sentensi hiyo atakudai 3,010 yote.

Halafu tamko la "kulipwa": liwe pale fedha za TISS (mfumo wa malipo kati ya benki na benki) zinapoingia kwenye akaunti ya muuzaji, siyo benki yako inapopokea maelekezo. Wekeni saa ya mwisho, mfano saa 8 mchana; zikiingia baada ya hapo, hati za hisa zisubiri kesho yake.