Tupeane uzoefu: nani kapata ruzuku ya jumuiya, na nani kapata akajuta?

Bint Wete
Asalaam alaykum. Nimepita kwa sheha kufuata barua ya mambo yangu mengine, nikaona tangazo la ruzuku limebandikwa mlangoni. Siku ya mwisho ya kuomba imeshapita zamani, na gundi bado mbichi! Yakanirudia yote yaliyotufika na jumuiya yetu ya mayatima. Haya, wa Unguja na wa Pemba, vikundi vya mwani, mikoko, ukili, chekechea, mwageni yenu. Ya semina tunayajua, semeni yaliyokukuteni wenyewe.

Mama Mwani Kusini
Mwanangu umenichokonoa. Sisi kinamama wa mwani, tunalima mwani wa spinosam, maana ule wa kotonii, wenye bei nzuri zaidi, siku hizi bahari ikipata joto unaozea kambani. Bei ya mwani mkavu unaijua, hairudishi hata pesa ya kamba. Tukaomba ruzuku ya mashine ya kusagia, tutengeneze sabuni. Tukapata. Siku ya makabidhiano palipigwa beni, mkuu wa wilaya kaja, pilau. Mashine ikashushwa kwa lori, nembo ya mfadhili ubavuni. Fundi wa umeme akaizunguka, akauliza, "Bi mkubwa, hii inataka umeme wa fezi tatu, hapa kwenu mna moja. Mtaiwasha na nini?" Watu wote kimya, beni linaendelea.

Tukaandika barua, tuhamishe pesa za mafunzo tuvutie umeme. Jibu: pesa za kifungu kimoja cha bajeti haziendi kifungu kingine bila ya ruhusa ya makao makuu. Ruhusa ilipokuja mradi unafungwa. Basi wakija kukagua tunamtoa kuku anayetaga chini yake, tunafuta vumbi, tunatandika kanga. Sabuni tunatwanga mwani kwa kinu, na inauzika alhamdulillah.

Kojani Moja
Fezi tatu! Hapo hapo. Sisi friza la samaki. Sasa ni kabati la nguo.

Abuu wa Ng'ambo
Si muiuze hiyo mashine bi mkubwa?

Mama Mwani Kusini
Haiuzwi. Mkataba unasema mali ya mradi mpaka mfadhili aandike barua ya kuikabidhi kwetu. Aliyekuwa aandike kahamishiwa nchi nyingine.

Katibu Mstaafu
Waalaykum salaam. Mimi nimekuwa katibu wa jumuiya tangu enzi tulipojisajili kwa Sheria ya Jumuiya namba 6 ya 1995. Mnaruka mambo. Kabla ya ruzuku: cheti cha Mrajis (msajili wa jumuiya), katiba, akaunti ya benki kwa jina la jumuiya (si la mwenyekiti!), mihutasari ya vikao, ripoti ya mwaka. Mfadhili hasomi ndoto zako mpaka hivyo avione. Kilichotutesa sisi ni fomu zinazotengenezwa Bara. Zinataka namba ya usajili wa sheria ya NGO ya 2002, ambayo ni ya Bara, Zanzibar haituhusu. Kwenye kompyuta kisanduku hakikubali cheti chetu, fomu haiendi mbele. Tulipiga simu mpaka Dar tukaambiwa andikeni sifuri. Tukaandika sifuri, tukakataliwa kwa kuwa hatujasajiliwa.

Bint Wete
😂😂 Sifuri!

Mtaalamu wa Maandiko
Ndiyo maana nasema kila siku, tafuteni mtu anayejua kuandika andiko la kuombea ruzuku. Mimi hiyo ndiyo kazi yangu, nipo Mjini, bei nafuu, asilimia kumi tu pesa zikitoka.

Kojani Moja
Asilimia kumi inatoka kwenye kifungu gani? Pesa za mikoko? Kisha ripoti tuandike mikoko imeliwa na mbuzi?

Mtaalamu wa Maandiko
Usinivunjie heshima. Kazi ni kazi. Daktari humlipi?

Katibu Mstaafu
Wafadhili wengi hawakubali malipo ya asilimia, na mkaguzi akiiona hiyo jumuiya inatiwa doa. Mlipeni mtu ujira wake kabla, kwa mfuko wenu, kama mnamtaka.

Chake Original
Mjini, Mjini, Mjini. Mafunzo Mjini, mfadhili Mjini, mtaalamu Mjini. Sisi huku tunasikia kazi zikishafanyika. Mtu wa Micheweni apande boti kwenda kusikiliza mkutano wa saa mbili, alale kwa jamaa, arudi na kofia na kalamu.

Abuu wa Ng'ambo
Wapemba nanyi mmezidi. Si PACSO, mwavuli wa jumuiya za Pemba, mnayo hukohuko? Nani kakuzuieni kwenda kuuliza?

Chake Original
Tunakwenda, na wanasaidia. Nazungumzia wenye pesa, ami, si wenye viti.

Bint Wete
Jamani tusilete Upemba na Uunguja, kuna watu wanasoma.

Mtia Saini wa Tatu
Salaam. Niruhusuni nieleze, refu kidogo. Sisi tuko kisiwa kidogo, Pemba, jumuiya ya mikoko. Akaunti yetu ina watia saini watatu, na tuliiandikia benki kuwa hazitoki pesa bila saini zote tatu. Tuliona ndiyo uaminifu huo. Awamu ya kwanza ya ruzuku ikaingia, wallahi hatujawahi kuona tarakimu zile. Wiki ile ile mwenyekiti akaanguka barazani baada ya Alasiri, inna lillahi. Mweka hazina naye alikuwa keshaposwa, akaolewa, akenda zake Muscat. Nimebaki mie na kalamu yangu.

Benki wakataka cheti cha kifo, muhtasari wa mkutano mkuu wa kuchagua wapya, barua ya sheha, na uthibitisho wa Mrajis. Haki yao. Kila karatasi safari ya mashua na gari, na mwenye mashua hatoi risiti, kwa hivyo nauli zote mfukoni mwetu. Huku miche ya mikoko imeshachipua kwenye vipakti, maji ya bamvu yale tuliyoyangojea yanapita.

Sasa sikilizeni. Siku ya arubaini ya marehemu, kaja ndugu yake kutoka Unguja. Kaona kile kikaratasi cha benki kwenye mkoba wa marehemu, jina la kaka yake, na pesa zile. Akasema hizi ni mirathi. Mie nikadhani mzaha. Asubuhi nimeletewa mwito, niende kwa kadhi.

Umeme unakatika huku, narudi.

Kojani Moja
Hee! Wewe usitufanyie hivyo!

Mama Mwani Kusini
Yarabi. Mirathi ya mikoko.

Abuu wa Ng'ambo
Mimi nimeacha wali mezani. Rudi wewe mtu.

Kijana wa Mradi
Akirudi atarudi. Mimi niseme ya kwangu. Nilikuwa afisa wa mradi mdogo uliopata pesa kupitia shirika kubwa, nalo likipata kwa Wamarekani. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump akasimamisha misaada ya nje kwa siku 90, barua ikatufikia: simamisheni kazi, msitumie hata shilingi. Tulikuwa tumeshachinja mbuzi wa uzinduzi. Hizo siku 90 hazikwisha kwetu, na ilipofika tarehe 1 Julai USAID yenyewe, shirika la misaada la Marekani, ikafungwa. Msitegemee mfadhili mmoja, basi.

Chake Original
Mmoja tu kumpata kazi, wewe unataka wawili.

Katibu Mstaafu
Na wale waliokuwa wanahangaikia namba ya UEI, ya kuitambulisha jumuiya, kwa ajili ya pesa za Marekani (ndiyo iliyoshika nafasi ya namba ya zamani, DUNS, tangu Aprili 2022): kujisajili ni bure. Kuna waliotozwa na watu wa barua pepe. Anayekutaka ada ili upewe ruzuku, mkimbie.

Msafiri Makunduchi
Ushauri wangu: ombeni ndogo kwanza, mjenge jina.

Mtaalamu wa Maandiko
Si kweli. Ndogo ina ripoti ile ile ya kubwa. Ombeni kubwa.

Msafiri Makunduchi
Kubwa inataka hesabu zilizokaguliwa za miaka nyuma. Kikundi cha ukili kina hesabu gani zilizokaguliwa? Daftari la upatu?

Bint Wete
Kwa hiyo mtu aanzie wapi? Semeni majina.

Katibu Mstaafu
Inategemea unachotaka. Mazingira, mikoko, nishati: kuna ule mpango wa ruzuku ndogo wa GEF (mfuko wa mazingira wa dunia) unaosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, upo duniani tangu 1992, na kwa miaka mingi ukomo wake ulikuwa dola 50,000 kwa kikundi. Wanakubali mchango wenu uwe nguvu kazi na vifaa, kwa hivyo andikeni siku za watu kuchimba na kupanda, zihesabiwe. Jengo la skuli au vifaa vya kituo cha afya: ubalozi wa Japani wana ruzuku ya ngazi ya chini, lakini mishahara na gharama za kuendesha hawalipi, msiwapelekee bajeti ya posho. Haki za wanawake, Women Fund Tanzania. Utawala na uwajibikaji, Foundation for Civil Society, nao wanachukua na Zanzibar. Na ZEEA, wakala wa Zanzibar wa kuwezesha wananchi kiuchumi, msiwachanganye humu, wale wanatoa mikopo. Haina riba lakini inarudishwa.

Kojani Moja
Mimi nasema mwozesheni mfadhili hapa kisiwani. Ataleta fezi tatu mwenyewe.

Mtia Saini wa Tatu
Nimerudi, kumradhi. Kwa kadhi nilikwenda na katiba yetu chini ya kwapa, ile iliyopigwa taipu, ina doa la chai. Ndugu wa marehemu kaja na kikaratasi cha benki. Sheikh akasoma jina la akaunti, akasoma katiba, kuna kifungu kinasema mali ya jumuiya si ya mwanachama yeyote, akifa au akijiuzulu hana fungu, na jumuiya ikivunjika mali inakwenda kwa jumuiya nyingine yenye lengo kama letu. Akamwambia yule bwana, kaka yako alikuwa mshika ufunguo. Hii si tirka, si mali aliyoiacha ya kurithiwa, nenda kamfanyie dua. Yule bwana akatoka bila kuaga.

Pesa lakini hatukuzila. Mpaka benki imewakubali watia saini wapya, muda wa mradi umekwisha, mfadhili akaandika kwa adabu kabisa: zilizobaki zirudishwe. Zote zilikuwa zimebaki. Tukarudisha, na gharama ya kuhamisha wakatukata. Miche tuliipanda hivyo hivyo kwa mikono yetu, iliyobaki hai. Sasa kwenye akaunti tuna watia saini wanne, wakitosha wawili.

Mama Mwani Kusini
Allah amrehemu mwenyekiti wenu. Na yule wa Muscat hata salamu?

Mtia Saini wa Tatu
Alituma. Kauliza posho yake ya kikao cha mwisho.

Abuu wa Ng'ambo
😂 Wawili kati ya wanne, naandika hiyo.

Chake Original
Wawili wakiwa ndugu jee?

Katibu Mstaafu
Ndiyo maana wasiwe ndugu. Wala mke na mume. Nimeyaona.

Bint Wete
Mtia Saini, hiyo katiba yenye kifungu hicho tutumie tuinakili.

Mtia Saini wa Tatu
Nitaipiga picha kesho nikipata moto wa simu. Ila badilisheni jina. Kuna wenzetu wa shehia ya pili waliinakili wakaipeleka kwa Mrajis, ukurasa wa mbele jina lao, ndani kote jina letu.